Kufuatilia nasaba: maana yake kwa mtu wa Kusini

Kufuatilia nasaba ni kutafuta mtu wa ukoo wako alizaliwa wapi na lini, alioana na nani, alizaa kina nani na alizikwa wapi, kwa kuoanisha maandishi na simulizi za wazee. Kuorodhesha majina peke yake hakutoshi. Jina lisilo na mahali wala wakati laweza kuwa la mtu mwingine kabisa.

Kwa Mtwara na Lindi, mikoa ya kusini mwa Tanzania, kabla hujafungua daftari lolote, kumbuka kwamba Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya watoto alikuwa mjomba. Karatasi za serikali na za misheni humtanguliza baba. Ukifuata jina la baba tu, utapanda ukoo ambao kwa mila si wako. Anza kwa mjomba au bibi mzaa mama.

Majina nayo hubadilika. Kijana akitoka jandoni aliacha jina la utotoni akapewa jipya. Akibatizwa au akisilimu, akaongeza la tatu. Kwenye kitabu cha ubatizo utamkuta Petro ambaye pengine kijijini hakuna aliyemwita hivyo. Hapo mtambue kwa jina la mama, wasimamizi na kijiji.

Hata hivyo, vitabu vya ubatizo na ndoa naviona vina faida kuliko karatasi nyingine zote. Misheni ya Waanglikana Masasi ilianza 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wakaletwa kutoka Unguja. Mjukuu wao asishangae ukoo ukionekana kuanzia hapohapo. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Lukuledi 1895 na Ndanda 1906. Katikati ikapita Majimaji ya 1905, misheni za Lukuledi, Nyangao na Masasi zikachomwa, kwa hiyo maandishi ya kabla ya hapo huenda yasipatikane.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kipo, ila kwa mzee aliyezaliwa kijijini tarehe yake mara nyingi ni makisio. Mwulize alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa mradi wa karanga Nachingwea, 1947 hadi 1951. Akisema alishabeba mdogo wake mgongoni, umepata umri wa watu wawili kwa mpigo.

Makaburi usiyatafute kijiji cha sasa. Wengi walihamishwa enzi za vijiji vya ujamaa, wazee wao wakabaki kwenye mahame. Nenda na mtu anayeyajua.