Je, wajua mawingu ya Zuhura yanaipita mbio sayari yenyewe, na aliyeyanasa alikuwa hakimu wa Brazzaville?

Alfajiri moja ya kipupwe hapa Uyole, Mbeya, baridi ya kuuma masikio, mtoto wa dada yangu kaweka jicho kwenye kadarubini ketu akauliza, "Mjomba, mbona kamwezi kadogo hivi?" Haukuwa mwezi, ilikuwa Zuhura, ile nyota ya alfajiri, na inaonekana kipande kwa sababu ipo karibu na jua kuliko sisi kwahiyo tunaiona imemulikwa upande. Akauliza tena, sasa mbona haina madoa, nyeupe pee?

Hapo ndo penyewe. Zuhura imefunikwa yote na mawingu ya asidi ya salfa, asidi ile ya betri ya gari, na hayafunguki hata siku moja. Ukungu wa Kawetire, kule milimani juu ya Mbeya, mnaujua, ukiwa katikati yake njia ya Chunya unaona weupe tu na huwezi kusema unatembea au umesimama, na Zuhura ni hivyohivyo, macho hayana pa kushika.

Ila kwenye mionzi ya urujuanimno, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, hii hii inayotuunguza ngozi mwezi wa sita Mbeya wakati tumevaa masweta, mambo yanabadilika kabisa! Mle mawinguni kuna kitu kinaimeza mionzi hiyo, mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana ni kitu gani, na pale kilipo panatokea weusi.

Sasa mwaka 1957 Charles Boyer, Mfaransa, kazi yake hakimu huko Brazzaville, nyota alikuwa anazipenda tu, akaipiga Zuhura picha za mionzi hiyo siku baada ya siku kwa darubini yenye kioo cha kama sentimita 25, akaona doa lilelile linarudi kila baada ya siku 4 hivi. Wengi hawakumwamini, maana miaka michache baadaye rada zikaonyesha sayari yenyewe inajizungusha mara moja kwa siku 243, yaani mawingu yanakimbia kama kilomita 360 kwa saa juu ya ardhi iliyolala. Chombo cha anga cha Marekani, Mariner 10, kilipopita pale 1974 kikakuta hakimu alikuwa sahihi.

Na naamini kabisa Mbeya tunaweza kuifanya kazi hii. Huku kwetu kama Brazzaville sayari zinapanda juu sana angani, halafu tupo kwenye mita 1,700 hivi, hewa ya kupenya ni kidogo na kiangazi anga ni safi. Siku hizi mtu anafunga filta, kioo kinachopitisha mionzi hiyo tu, na kamera ndogo, anachukua video, kompyuta inachagua picha zilizotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka doa linatokea. Jua likikaribia kuchomoza geuzeni darubini, msicheze na macho.

Sisi filta bado hatuna, kwahiyo tunachora umbo tu kwenye daftari kila wiki, na mtoto ameshaona kamwezi kananenepa huku kanazidi kuwa kadogo, kwa sababu Zuhura inaenda mbali na sisi.