Kwa nini kitabu cha ndege wa Ulaya kinakupoteza Malindi?

Nenda hori ya Mida, karibu na Watamu na Malindi, mwezi wa Januari, kaskazi imekolea na maji ya bamvua yamekupwa, utawakuta vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, wametapakaa kwenye tope wakichokoachokoa. Mtazame mmoja wao: urefu wa sentimita 20 hivi, kijivu mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mweusi mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Kwa jina la kisayansi ni Calidris ferruginea. Sasa chukua kitabu cha kutambulia ndege kilichochapishwa kwa ajili ya Ulaya, mojawapo ya vile ambavyo wageni huviacha kwenye nyumba za kulala wageni Watamu. Ukimtafuta humo, mchoro unaokuvuta macho kwanza ni wa ndege mwekundu, rangi ya tofali, kuanzia kichwani mpaka tumboni.

Ni ndege yule yule. Wekundu ni vazi lake la kuzalia, na yeye huzalia Siberia, kaskazini kabisa, kwenye nyanda zisizo na miti karibu na Bahari ya Aktiki. Kiangazi cha huko ni kifupi. Mwezi wa Juni anataga, na Julai wakubwa wameshaanza safari ya kurudi kusini. Njiani, na baada ya kufika kwetu, manyoya mekundu yananyonyoka na ya kijivu yanaota. Ndiyo maana kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Februari watu wa Mida humwona wa kijivu tu. Aprili inapokaribia, wekundu huanza kujitokeza kifuani kwa mabaka mabaka, halafu anaondoka. Wachanga wengi hawaondoki mwaka wao wa kwanza. Hubaki na kijivu chao hata msimu wa kusi, na hao ndio wanaomchanganya mtu anayedhani wote wameshakwenda.

Kuna alama moja isiyobadilika, nayo ni weupe juu ya mkia. Akiruka utauona, awe mwekundu au wa kijivu. Kitabu kizuri kitakuonyesha hapo.

Mtindo wa kuonyesha alama kwa namna hiyo una historia yake. Zamani mtaalamu wa ndege alitaka kumshika mkononi ndipo aseme ni aina gani, na kumshika kulimaanisha kumpiga risasi. Mwaka 1934 mchoraji Mmarekani, Roger Tory Peterson, alitoa kitabu kidogo cha ndege wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Aliwachora ndege wanaofanana kwenye ukurasa mmoja, wote wamegeukia upande mmoja, na akaweka vijistari vinavyoelekeza jicho kwenye alama inayomtenga huyu na yule: mstari kwenye bawa, pete ya jicho, rangi ya miguu. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha muda mfupi. Lakini kitabu hicho hakikufaa magharibi ya nchi yake mwenyewe, ikabidi atoe kingine. Cha Ulaya, alichoandika na wenzake wawili, kilitoka mwaka 1954.

Wengi huuliza kwa nini mpaka leo vitabu hivi vinategemea michoro ilhali kila simu ina kamera. Picha ni ya ndege mmoja katika dakika moja. Kitwitwi wa kijivu akipigwa picha jua linapozama hutoka na rangi ya dhahabu. Akipigwa amejikunyata kwa upepo, shingo haionekani. Mchoraji hukusanya ndege wengi aliowaona akawafanya mmoja, na akamweka kando ya ndugu zake katika mwanga ule ule. Kwa ndege wa pwani, ambao tofauti yao wakati mwingine ni urefu wa mdomo tu, mimi nitachagua mchoro kila mara.

Lakini mchoro hata uwe mzuri vipi, kazi kubwa ya kitabu ni kupunguza. Dunia ina aina za ndege zaidi ya 10,000, na Kenya peke yake ina takriban 1,100. Ukisimama mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, unataka kitabu kilichokwisha kukuondolea wale wasioweza kuwa hapo. Cha Ulaya kimeondoa kwa hesabu ya Ulaya. Kimemwacha ndani ndege ambaye hatawahi kufika Mambrui, kikamtoa unayemtazama.

Mfano ni ndege mmoja wa Madagaska, Glareola ocularis. Ni wa kahawia, mabawa marefu, na ana mstari mweupe chini ya jicho. Huzalia kisiwani kwao, kisha huvuka bahari na kuja Sabaki msimu wa kusi, wakati wageni wa Siberia wameshaondoka. Msafiri mwenye kitabu cha Ulaya atamfananisha na binamu yake wa Mediterania, naye ataandika daftarini jina lisilo lake. Pwani yetu ina kalenda mbili za ndege, ya kaskazi na ya kusi, na hilo halijulikani na kitabu kilichopangwa kwa majira manne.

Halafu wapo ambao kwao ni sehemu chache tu duniani. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke anaishi bundi mdogo, hazidi sentimita 18, ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka miaka ya 1960. Nje ya Kenya anajulikana kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Wako wa kijivu, wako wa kahawia, wako wa rangi ya kutu, na wote ni aina moja. Bila kitabu kilichowachora wote watatu, mtu angeapa ameona bundi wa aina tatu. Kwa hiyo waongoza watalii wa Gede hubeba kitabu cha Afrika Mashariki. Kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002 kimekusanya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, na kina aina zaidi ya 1,300.

Ukinunua cha kwako, tazama pia mwaka wa kuchapishwa. Ramani hubadilika, majina hubadilika, na siku hizi uchunguzi wa vinasaba unawatenganisha ndege waliohesabiwa kuwa wamoja. Miongoni mwa vitwitwi wa mchangani wanaojaa Mida kuna mmoja aliyekuwa na jina moja kwa miaka mingi. Kuanzia 2022 na 2023 amegawanywa kuwa aina mbili, wa Siberia na wa Tibet, na anayekuja pwani yetu ni wa Tibet. Kitabu cha zamani hakitakwambia hivyo, ingawa michoro yake bado inafaa.