Kwa nini wapenzi wa sauti safi huikosoa Bose?

Muulize mtu yeyote spika nzuri ni zipi, na mara nyingi jina la kwanza kumtoka mdomoni ni Bose. Waulize wale wanaopima sauti ya sebule zao kwa maikrofoni, na wengi watakunja uso. Wana hata msemo wa vina kwa Kiingereza kwamba spika isiyo na sauti za juu wala za chini lazima ni Bose. Chuki hii ilianzia wapi?

Ilianza na spika za Bose 901, zilizotoka mwaka 1968. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni hiyo na mwalimu wa uhandisi katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwahi kununua stirio mwaka 1956 kwa sababu vipimo vyake vilisomeka vizuri, lakini alipoiwasha haikumridhisha. Baadaye aliamini kwamba katika ukumbi wa muziki, sehemu kubwa ya sauti humfikia msikilizaji baada ya kugonga kuta. Kwa hiyo boksi la 901 lilikuwa na spika tisa ndogo zinazofanana: moja ilimwelekea msikilizaji, nane zilielekea ukutani. Haikuwapo spika maalumu ya besi wala ya sauti nyembamba; upungufu huo uliachiwa ekwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza sauti za chini na za juu.

Sauti ilijaa chumba kweli. Tatizo ni kwamba rekodi nzuri huja na mwangwi wa ukumbi wake. Ukiongeza mwangwi wa ukuta wa nyumbani, huwezi tena kuonyesha kwa kidole violini imekaa wapi. Mwaka 1970 Consumer Reports, jarida la kukagua bidhaa, liliandika kwamba ala zilionekana kuwa kubwa kupita kiasi na kutangatanga chumbani. Bose ilishtaki. Mahakamani mabishano yalifika mpaka hapa: je, sauti ilitangatanga chumba kizima, au ilihama ukutani tu, kati ya spika mbili? Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1984 Bose ikashindwa. Kampuni kumpeleka mkaguzi mahakamani kwa sababu ya sentensi moja ni jambo ambalo wapenzi wa sauti hawajalisamehe.

Kisha zikaja spika ndogo ndogo za kutundika, pamoja na boksi la besi la kuficha nyuma ya kochi. Besi inahitaji kusukuma hewa nyingi, na koni ndogo haina uwezo huo. Chini ya hezi 80 hivi (hezi ni kipimo cha mitetemo ya sauti kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito), sikio halijui sauti inatoka upande gani, ndiyo maana boksi la besi linafichika. Lakini spika zikiwa ndogo mno, boksi hilo hulazimika kutoa hata sauti za juu zaidi ya hezi hizo, na sauti ya mwanamume anayeimba hugawanyika: nusu ukutani, nusu nyuma ya kochi.

Lawama nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya vipimo. Kwa miaka mingi Bose haikuwa ikitoa takwimu za masafa, yaani jinsi spika inavyotoa sauti kutoka za chini hadi za juu, ambazo washindani wake huzichapisha. Anayelipa bei ya juu ana haki ya kuonyeshwa anachonunua.

Lakini wakosoaji nao wapimwe. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, waliwasikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika zilezile, mara zikiwa zimefichwa, mara zikiwa wazi. Zilipoonekana, zile kubwa za gharama zilipanda alama, na mfumo mdogo wa bei nafuu wenye boksi la besi pembeni ukashuka, ingawa ulikuwa umefanya vizuri ulipofichwa. Macho yalikuwa yanasikiliza. Hayo yalitokea kwa wafanyakazi wa kampuni ya sauti, kwa hiyo mpenzi wa sauti anayeidharau Bose kwa kuona nembo tu hana hoja yenye nguvu kuliko anayeinunua kwa nembo hiyohiyo.