Asilimia 60 ya moyo si alama ya mtihani

Mtu anatoka kupimwa moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti, anasoma kwenye karatasi "EF 60%", na usiku usingizi hauji. Anadhani moyo umebaki zaidi kidogo ya nusu. La hasha. Hiyo 60 ni namba ya kawaida kabisa kwa mtu mwenye afya.

EF, kifupi cha Kiingereza "ejection fraction", haipimi nguvu iliyobaki. Inaeleza ni sehemu gani ya damu iliyojaa kwenye chumba cha chini cha kushoto inayotoka kwa pigo moja. Chumba kikijaa mililita 120, hutoka kama 70, nyingine hubaki. Hakuna moyo unaojikamua hadi tone la mwisho. Kawaida ni takriban asilimia 55 hadi 70.

Wala damu haimwagikii mle kama maji ya ndoo. Ikishapita kwenye vali, kile kilango cha kuingilia chumbani, hujizungusha kama pete, na mzunguko huo huielekeza kwenye mlango wa kutokea bila kupoteza kasi yote. Mimi hili ndilo hunistaajabisha zaidi. Moyo uliotanuka na kulegea huuvuruga mzunguko huo. Damu huzubaa kwenye ncha ya chumba, huweza kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Kuna na upande wa pili. Presha ya miaka mingi huweza kuukakamaza moyo: unajaa mililita 80 tu, unatoa 48. Piga hesabu. Ni asilimia 60 ileile, ilhali mgonjwa anahema akipanda ngazi na miguu imevimba. Ndiyo maana daktari huangalia pia unene wa kuta, vali na jinsi moyo unavyojaa.