Mwajemi si Mwarabu, na jina lake ndilo shahidi

Juzi ami yangu aliyekwenda Paris alituma picha kwenye kundi letu la familia. Alikuwa kwenye makumbusho ya Louvre, na nyuma yake kuna safu ya askari wenye mikuki na pinde, kanzu zao zimepambwa kwa nakshi, wote wamejengwa kwa matofali ya rangi yanayong'aa kama vigae. Chini akaandika: "Sanaa ya Waarabu wa kale." Binamu mmoja akajibu, "Mashaallah, Uislamu umetoka mbali." Mimi nikanyamaza. Aliyetuma ni mkubwa wangu, na kumsahihisha mkubwa mbele ya watoto si adabu. Lakini hii ni mara ya ngapi sasa nasikia hivyo?

Maana kwanza, kwa haraka. Tunaposema sanaa ya Uajemi wa kale tunakusudia vitu vilivyotengenezwa chini ya falme za Iran kabla ya Uislamu: michongo ya mawe, vikombe vya dhahabu, sahani za fedha zenye picha za wafalme wakiwinda, mihuri, mapambo ya kuta. Falme zenyewe ni Waakemeni, kuanzia Koreshi mnamo 550 KK hadi Aleksanda alipowaangusha mwaka 330 KK, kisha Waparthi, kisha Wasasani kuanzia 224 BK hadi 651 BK. Basi. Hao askari wa ami ni wa zama za Dario wa Kwanza, mfalme wa Waakemeni, na tangu wajengwe hadi Hijra ilipita zaidi ya miaka 1,100.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo panaponiudhi. Neno "Ajemi" tumelipata kwa Waarabu. Kwao *ajam* ni watu ambao usemi wao haueleweki, yaani wasiosema Kiarabu. Ni kama Wagiriki walivyowaita wageni wote *barbaroi*, kwa kuwa waliyoyasema yaliwafikia masikioni kama "barbarbar". Hata Qurani, katika Sura An-Nahl, inaweka *a'jamiyy* upande mmoja na *'arabiyy* upande wa pili. Awali mgeni yeyote aliweza kuitwa hivyo. Waarabu walipoiteka Iran katika karne ya 7, wageni waliokuwa nao karibu zaidi wakawa watu wa huko, na jina likawaganda. Bahrain na Kuwait mpaka leo wenye asili ya Iran huitwa Ajam.

Kwa hiyo anayesema "Waarabu" huku akimaanisha Waajemi anamwita mtu kwa jina la yule aliyemwita "asiye Mwarabu". Ni kama kusema maji makavu.

Neno hilohilo lina tawi jingine linalowachanganya watu. Wahausa huita *ajami* maandishi ya lugha yao yanayotumia herufi za Kiarabu, na wataalamu wengine huyaita hivyo hata maandishi yetu ya zamani ya Kiswahili. Ukikuta imeandikwa kwamba utenzi fulani uko katika ajami, usianze kutafuta mshairi wa Shiraz, kule Iran. Maana yake ni lugha isiyo Kiarabu ndani ya hati ya Kiarabu, basi.

Wenyewe walijiitaje? Kwenye kaburi lake huko Naqsh-e Rostam, Dario anajitaja kuwa Parsa, mwana wa Parsa, Ariya wa asili ya Ariya. Kutokana na Parsa Wagiriki wakapata Persis, na Waarabu, wasio na sauti ya "p", wakapata Fars. Ndiyo maana lugha inaitwa Kifarsi. Kutokana na Ariya likatoka Iran. Wapo wanaodai Iran ni jina lililobuniwa 1935, kumbe mwaka ule serikali ya huko iliwaomba tu wageni walitumie. Ardashir, mfalme wa kwanza wa Wasasani, alikwisha kujiita mfalme wa wafalme wa Eran katika karne ya 3.

Kinachochekesha ni kwamba Waarabu wamo kweli katika sanaa hiyo, ila kama wageni. Kwenye ngazi za ukumbi mkuu wa Persepolis, mji wa kifalme wa Waakemeni, zimechongwa safu 23 za wajumbe wanaomletea mfalme zawadi, kila taifa na mavazi yake. Waarabu wameleta nguo na ngamia. Safu ya mwisho ni Wakushi, watu wa kusini mwa Misri, Waafrika wenzetu, wamebeba pembe ya ndovu na kuongoza mnyama ambaye wataalamu wanabishana kama ni twiga au okapi. Na si mchongo tu: maandishi ya Dario kuhusu kasri lake la Susa yanasema pembe zilitoka Kush, India na Arakosia (Afghanistan ya leo), mierezi ikatoka Lebanoni, wachonga mawe walikuwa Waionia, yaani Wagiriki wa pwani ya Uturuki ya leo, na matofali yalichomwa na Wababeli. Ukitaka kugombea sehemu yako katika kazi ya Waajemi, anzia hapo.

Kosa la upande wa pili ni kukiita kila kitu cha kale cha Iran "cha Kiajemi". Hekalu la Chogha Zanbil, karibu na Susa, lilijengwa na Waelamu, wenyeji wa huko kabla ya Waajemi, karne ya 13 KK, kabla hakujakuwa na mfalme yeyote Mwajemi.

Ami nimemwandikia pembeni, si kwenye kundi: "Shikamoo ami. Picha nzuri sana. Hao ni askari wa Dario, wametoka Susa, yaani Shushani, ile ya Esta kwenye Biblia. Ni Waajemi hao. Waarabu ungewapata Persepolis, kwenye ngazi, na ngamia wao."