Miungu saba ya bahati ya Japani: Mjapani halisi ni mmoja

Wengi wanaonunua sanamu za mbao za Shichifukujin, yaani miungu saba ya bahati ya Japani, huamini kwamba wote saba ni wa asili ya nchi hiyo. Sivyo. Mwenye asili ya Kijapani ni Ebisu peke yake, yule mwenye mshipi wa kuvulia na samaki mwekundu kwapani.

Watatu walitoka India kupitia China na dini ya Kibudha. Benzaiten mwenye kinanda cha nyuzi ndiye Saraswati, ambaye Wahindu wa Mombasa na Dar es Salaam wanamjua vizuri. Bishamonten mwenye mavazi ya vita ndiye Vaishravana, mungu wa utajiri wa India. Anayenishangaza zaidi ni Daikokuten. Leo huchongwa akitabasamu juu ya marobota ya mpunga, gunia begani na nyundo mkononi, na familia nyingi zilimweka jikoni awalindie chakula. Lakini chanzo chake ni Mahakala, sura ya kutisha ya Shiva, mungu mkuu wa Kihindu! Katika hekalu la Enryakuji, mlima Hiei, bado yupo Daikokuten mwenye nyuso tatu.

Fukurokuju na Jurojin, wazee wa umri mrefu, ni wa dini ya Kitao kutoka China. Na yule mnene anayecheka, ambaye madukani huitwa Buddha? Ni Hotei, mtawa wa Kichina wa karne ya 10. Buddha mwenyewe, Siddhartha Gautama, alitangulia kwa zaidi ya miaka 1,000.