Maana ya nakala ya mkono: mfano wa Karamu ya Mwisho

Nakala ya mkono ni mchoro uliochorwa upya kwa brashi na rangi, kwa kufuata mchoro uliotangulia, bila kuficha kwamba ni nakala. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoitenga na mchoro wa kughushi. Makumbusho ya Louvre mjini Paris huwaruhusu wachoraji kukaa mbele ya kazi za zamani wakazinakili, ila kwa masharti: turubai iwe kubwa au ndogo kuliko ile ya asili kwa moja ya tano angalau, na sahihi ya mchoraji wa kwanza isiwekwe.

Vingi vinavyouzwa kwa jina hilo ni kitu kingine kabisa. Ni chapa ya mashine juu ya turubai, kisha mtu akapitisha jeli isiyo na rangi kwa brashi ili pawe na michirizi. Ielekeze kwenye mwanga wa pembeni uangalie. Michirizi ya jeli hukatiza popote, usoni na ukutani sawasawa. Ya rangi hufuata mkunjo wa vazi na mviringo wa shavu. Kwa kioo cha kukuzia, chapa huonyesha vitone vidogovidogo vya rangi.

Chukua Karamu ya Mwisho, picha iliyomo katika sebule nyingi za Wakristo wa Afrika Mashariki, walau ya karatasi. Leonardo da Vinci aliichora kati ya 1495 na 1498 kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Kidominiko, Santa Maria delle Grazie, Milan. Kimo chake ni sentimita 460, upana 880. Shika hesabu hiyo. Turubai yenye upana wa sentimita 90 inatakiwa iwe na kimo cha 47 tu, kwa hiyo ukiuziwa ya 60 kwa 90 ujue kuna kilichokatwa pembeni au watu wamevutwa wakarefuka. Tena kuna watu 13 mezani. Katika upana wa sentimita 120 kila mmoja anapata wastani wa sentimita 9 hivi. Katika 60 anapata nusu yake, na hapo sura za Mitume huanza kufanana kama ndugu wa tumbo moja. Sisi hatushauri kushuka chini ya 120.

Swali gumu ni hili: unanakili kipi, ukuta ulivyo leo au mchoro ulivyokuwa mwanzo? Leonardo hakupaka kwenye plasta mbichi, njia ambayo rangi hunywewa na ukuta. Alipaka juu ya plasta kavu ili afanye kazi polepole. Ndani ya miaka 20 hivi rangi ilishaanza kubanduka. Mwaka 1652 watawa wakatoboa mlango chini ya picha, na miguu ya Kristo ikaenda nayo. Mchoraji anayetaka miguu hiyo huitazama nakala ya mkono ya rangi za mafuta iliyofanywa na Giampietrino, mwanafunzi wa Leonardo, mnamo 1520 hivi, ambayo ni mali ya Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London. Humo pia kinaonekana wazi kikopo cha chumvi kilichoangushwa na mkono wa Yuda. Hata waliokarabati ukuta wenyewe, kazi iliyokwisha mwaka 1999, waliitumia kama rejea. Duara za mwanga vichwani, kwa upande mwingine, Leonardo hakuziweka. Ukiziona, ni za mnakili au za mteja wake.

Kazi yenyewe huanza na turubai iliyopakwa geso, rangi nyeupe ya msingi, mara mbili au tatu, ikipigwa msasa laini kila inapokauka. Kisha mistari ya miraba: kwa upana wa sentimita 120, miraba 20 ya sentimita 6, ikiwakilisha sentimita 44 za ukutani kila mmoja. Kwenye nyuso mraba hugawanywa tena mara nne, la sivyo jicho linahama na Kristo anakuwa mtu mwingine. Tabaka la kwanza ni kahawia iliyolainishwa kwa tapentaini, mwanga na kivuli tu, bila rangi nyingine. Iache wiki nzima. Ndipo rangi halisi zifuate, na mwisho tabaka nyembamba za kupenyeza mwanga: rangi kidogo ndani ya mafuta ya mbegu za kitani. Bluu ya joho la Kristo hupatikana kwa ultramarini ya kiwandani, jamii moja na bluu ya kufulia mashati meupe. Vivuli visichanganywe kwa nyeusi ya kopo, maana hufa. Ultramarini na kahawia iliyoiva, yaani ya udongo uliochomwa, hutoa giza lenye uhai.

Kanuni isiyovunjwa: chini mafuta kidogo, juu mafuta mengi. Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole na hubaki likinyumbuka. Likifunikwa na linalokauka haraka, la juu hupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Vanishi nayo husubiri miezi 6 hadi 12. Anayekuletea mchoro mpya unaong'aa kwa vanishi baada ya wiki tatu amekuletea nyufa za baadaye.

Kwa nyumba za pwani, kuta hutoa unyevu na ukungu huanzia nyuma ya turubai. Bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe za nyuma za fremu, hewa ipite. Turubai ikilegea usiimwagie maji kuikaza, kwani geso hubanduka. Gonga taratibu kabari za mbao zilizo kwenye pembe, moja baada ya nyingine, mpaka ikazike.